Mota ndogo kwenye ubao wa bawa: Fedha iko kwenye betri

WAFANYABIASHARA wanaokodisha vifaa vya michezo ya baharini katika fukwe kama Paje, Diani na Watamu wana bidhaa mpya ya kupigia hesabu. Ni mota ndogo ya umeme inayofungwa kwenye ubao wenye bawa la majini, au foili. Kabla mtu hajatoa mtaji wake, ni vyema akaelewa ni kipi hasa kinachozaa fedha hapo.

Foili yenyewe si jambo jipya. Mtaliano Enrico Forlanini aliijaribu kwenye boti katika Ziwa Maggiore mwaka 1906, na mwaka 1919 chombo HD-4 cha Alexander Graham Bell na wenzake kilikimbia zaidi ya kilomita 110 kwa saa huko Kanada. Kwenye ubao, mlingoti mfupi hushuka majini ukiwa na bawa mfano wa la ndege mwishoni. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuinua huongezeka mara nne. Ubao ukishatoka majini, ukinzani wa maji hupungua sana na mchezaji huendelea kwa nguvu ndogo ya wimbi au upepo.

Taabu iko katika kuinuka, na hapo ndipo soko limegawanyika. Upande mmoja kuna ubao kamili wa umeme, kama wa Lift ya Puerto Rico au Fliteboard ya Australia, kampuni ambayo Brunswick ya Marekani iliinunua mwaka 2023. Huo husukumwa na mota safari nzima. Upande wa pili kuna mota ya msaada, kama ya Foil Drive, nayo ya Australia, inayofungwa kwenye mlingoti wa ubao ambao mteja tayari anao. Humsukuma hadi ainuke, kisha huzimwa. Kwa kuwa imefungwa karibu na ubao, mtu akiinuka vya kutosha nayo hutoka majini, isimzuie.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwa hesabu. Tuchukue betri ya volti 36 na ampia-saa 10, yaani wati-saa 360. Mota ikila wati 1,500 mfululizo, betri hiyo inakwisha kabla ya dakika 15. Lakini ikitoa wati 2,000 kwa sekunde 10 tu kila mara mtu anapotaka kuinuka, kila msukumo unatumia takriban wati-saa 5.6. Hata akibakiza asilimia 20 ya chaji, mchezaji anapata misukumo 51. Ndiyo maana betri ndogo inatosha, na ndiyo maana bei ya kuingia ni nafuu kuliko ya ubao kamili.

Sasa tuje kwenye soko la pwani. Mtalii anaweza kusafiri na ubao wake, bawa lake na hata mota yake. Betri ni suala jingine. Kanuni za usafiri wa anga haziruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu ya aina hii inayozidi wati-saa 160. Kati ya 100 na 160 anahitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili. Kwa hiyo mwenye betri ya wati-saa 360 anaiacha nyumbani, na anayeweza kumkodishia ufukweni ana bidhaa isiyopatikana kirahisi, hasa siku ambazo kaskazi au kusi imelala na matiara (kaiti) hayapandi.

Hata hivyo, kizuizi hicho hicho kinamgusa mwagizaji. Tangu mwaka 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo katika ndege za abiria. Huenda kwa ndege za mizigo tu, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Anayeagiza dakika za mwisho kabla ya msimu ataumia. Aidha, betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mota ya nyingine, hivyo ni busara kuwauliza wateja wanatumia aina gani kabla ya kujaza rafu. Na betri mbili za wati-saa 160 zinafika 320; mteja mwenye hizo hana haja ya kukodi.

Kosa kubwa la wakodishaji huwa katika uchakavu. Tuseme, kwa mfano tu, betri imegharimu shilingi milioni 2 na inatarajiwa kudumu chaji 300. Wengi wataandika shilingi 6,667 kwa kila chaji na kufurahi. Lakini kama wateja wanaokuja ni 60 kwa mwaka, chaji 300 ni miaka mitano, na betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa imelala. Ukihesabu miaka mitatu ya kazi nzuri unapata chaji 180, na gharama inapanda hadi shilingi 11,111. Umeme si kitu hapa: kuijaza hakufiki hata nusu yuniti. Kinachokula faida ni siku zisizo na mteja, pamoja na chumvi na mchanga kwenye mota.

Paje ina kikwazo chake. Maji yakipwa, eneo la ndani ya mwamba huwa na kina kifupi kuliko mlingoti, ambao mara nyingi ni sentimita 70 hadi 90. Saa za kukodisha hufuata bamvua na maji mafu, si saa za ofisi, na bei ya siku nzima haina maana pale ambapo mteja ana saa chache tu za maji ya kutosha.

Masika yakiingia na wageni wakipungua, betri isiachwe imejaa wala tupu. Ihifadhiwe ikiwa na karibu nusu ya chaji, mahali pakavu na pa baridi, mbali na paa la bati na vitu vinavyoshika moto, na ipimwe kila baada ya wiki chache.