Tumbo Kujaa na Kizazi Kushuka

Dada zangu, Ramadhani iliyopita hapa Nyamirambo nilifuturu maharage mpaka Tarawehe ikanishinda. Mtume (s.a.w.) alitugawia tumbo mafungu matatu, chakula, maji na pumzi, mimi nilijaza chakula tu! Sasa naloweka maharage usiku kucha, namwaga maji yake, na gesi imepungua.

Zito zaidi ni choo kigumu. Kujikamua kila siku, pamoja na kupandisha madumu ya maji kwenye vilima vyetu, huweza kushusha kizazi, hasa kwa aliyezaa. Kula mboga na matunda, kunywa maji. Chooni weka miguu juu ya kigoda, inama mbele kidogo. Ukiinua mzigo, toa pumzi. Ukihisi uvimbe ukeni, nenda kituo cha afya mapema. Mama yangu mdogo aliona haya, akaficha miaka minne.