Namna ya kuufikia mzizi wa kitenzi kisichoandikwa

Tuseme unataka kujua asili ya kitenzi cha Kijerumani haben, yaani kuwa na kitu. Wengi wanaoanza hukimbilia Kilatini, wakakuta habere chenye maana ileile, wakafunga daftari. Usifunge. Vitenzi hivi viwili si ndugu.

Anza na jamaa wa karibu, na kwa kila mmoja chukua umbo kongwe kabisa. Kigothi, tunachokijua hasa kupitia tafsiri ya Biblia ya Wulfila ya karne ya 4, kina haban; Kiingereza cha Kale kina habban; Kinorse cha Kale, hafa. Ondoa viambishi tamati, upate mzizi *hab-. Kinyota usikisahau: Kigermaniki mame, yaani lugha mama ya jamaa hao, hakikuacha maandishi, na umbo hilo tumelijenga wenyewe.

Sasa toka nje ya ukoo. Hapa usitafute sauti zinazofanana. Tafuta zinazopishana kwa utaratibu. Panga jozi za maneno ya msingi. Kilatini centum, mia, Kigothi hund. Cornu, pembe, Kigothi haurn. Penye c ya Kilatini, inayotamkwa k, Kigermaniki kina h. Na h ya Kilatini je? Hostis, ambalo zamani lilikuwa mgeni, Kigothi ni gasts. Kumbe h hiyo hulingana na g, na habere inaanguka hapo hapo. Jamaa wa haben sharti aanze na k, naye yupo: capere, kukamata. Aliyekikamata kitu anacho.

Inabaki b, na kwangu huu ndio utamu wa kazi nzima. Pater ya Kilatini ni fadar ya Kigothi, basi p ya capere ingetupa f. Karl Verner wa Denmark alilifumbua fumbo hili katika makala ya 1877: mkazo wa kale usipoangukia silabi iliyotangulia, f ya katikati ya neno iligeuka ghuna, yaani sauti yenye mtetemo wa nyuzi za sauti, ikawa b. Kigothi kimehifadhi sura zote mbili za mzizi huo, haban na hafjan, kuinua. Kwa hiyo sauti ikikaidi kanuni, chunguza mkazo kabla hujautupa ushahidi.

Ukishafika hapo ndipo ufungue kamusi ya etimolojia ya Kigermaniki mame ya Guus Kroonen, ya 2013, ulinganishe hatua zako na zake.