Mshipa Ukibana, Waya wa Betri ya Moyo Hupita Wapi?

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mapigo hayo huongozwa na umeme mdogo unaotoka ndani ya moyo wenyewe. Umeme huo ukiwa na hitilafu, moyo huweza kupiga polepole mno, au upande mmoja ukakaza kabla ya mwingine. Hapo mtu huona kizunguzungu, huzimia, huishiwa na pumzi au huvimba miguu. Mojawapo ya tiba ni pesimeka, kifaa ambacho wengi hukiita betri ya moyo.

Waya hufikaje moyoni?

Pesimeka ya kwanza kuwekwa yote ndani ya mwili wa binadamu ilipandikizwa nchini Uswidi mwezi Oktoba 1958. Wakati huo daktari alilazimika kupasua kifua na kushona nyaya juu ya moyo. Siku hizi betri hukaa chini ya ngozi, karibu na mfupa wa mtulinga, na nyaya hupitishwa ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni.

Mgonjwa ambaye pande mbili za moyo hazikazi pamoja huhitaji waya wa ziada wa upande wa kushoto. Waya huo hupitia vena inayokusanya damu kutoka kwenye misuli ya moyo, kisha huingia katika tawi lake moja. Tawi hilo ni jembamba na lina kona nyingi. Hapo ndipo kazi huwa ngumu.

Kwa nini vena hubana?

Wengine huzaliwa na vena nyembamba. Kwa wengine, kovu la upasuaji wa moyo wa zamani hubana njia. Vena ya begani huweza kuziba kwa sababu ya waya wa pesimeka ya awali, au mrija wa kusafishia damu uliowekwa shingoni au kifuani kwa mgonjwa wa figo. Mara nyingi mgonjwa hahisi lolote, kwa kuwa damu hujitafutia vijia vya kando. Tatizo hugunduliwa siku waya unapokataa kupita.

Madaktari hufanya nini?

Kwanza, hudunga dawa inayoonekana kwenye eksirei ili kuona vena imebana wapi na kwa kiasi gani. 

Pili, hujaribu uzi mwembamba wa chuma unaoongoza njia, au hutafuta tawi jingine. 

Tatu, hupitisha puto dogo lisilojazwa hadi palipobana. Puto hujazwa kwa muda mfupi, vena hupanuka, kisha puto huondolewa na waya hupita.

Njia ya puto ina hatari zake. Vena huweza kuchanika na damu ikavuja kuzunguka moyo. Dawa ya eksirei nayo huweza kudhuru figo ambazo tayari ni dhaifu. Kwa hiyo kazi hii hufanywa na wataalamu wenye uzoefu, katika hospitali yenye vifaa vya dharura.

Puto likishindwa, bado zipo njia nyingine: kuingilia upande wa pili wa kifua, kuweka waya kwenye njia ya asili ya umeme wa moyo, au kushona waya juu ya moyo kwa upasuaji. Mgonjwa anayeambiwa kwamba waya umekataa kupita ana haki ya kuuliza ni njia gani zilizobaki, na ni hospitali gani ya rufaa inayozifanya.

Mambo ya kuzingatia

• Kabla ya upasuaji, mweleze daktari kama umewahi kuwekewa pesimeka, kusafishwa damu, kupasuliwa moyo au kutibiwa saratani ya kifua kwa mionzi. 

• Taja ugonjwa wa figo, mzio na dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Usiache dawa yoyote bila kuagizwa. 

• Tunza kadi ya pesimeka na uende nayo kila kliniki. 

• Baada ya upasuaji, fuata maagizo kuhusu kuinua mkono na kubeba mizigo. 

• Nenda hospitalini mara moja ukiona mkono, shingo au uso umevimba, kidonda kinatoa usaha, una homa, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au umezimia.

Wakaazi wenye kizunguzungu cha mara kwa mara au waliowahi kuzimia wasidhani ni uchovu au uzee tu. Waende katika kituo cha afya kilicho karibu wapimwe mapigo na presha, na wakihitajika wapewe rufaa ya kupimwa umeme wa moyo.