Sanamu za Mkunazini

Mjini Unguja, katika mtaa wa Mkunazini, palikuwapo zamani soko la watumwa. Watu waliotekwa bara, wengi wao pande za Ziwa Nyasa, walitembezwa kwa miguu mpaka Kilwa, wakapakiwa majahazini, na waliofika hai Unguja waliuzwa mnadani kama ng'ombe. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifanya mkataba na Waingereza, soko likafungwa. Na siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la kwanza la kanisa kuu mahali pale pale. Utumwa wenyewe haukwisha siku ile. Amri ya kuukomesha Unguja ilitoka mwaka 1897.

Ndani ya kanisa mna kaburi la Askofu Steere, aliyelijenga, na msalaba wa kumkumbuka Livingstone. Ni haki wakumbukwe. Lakini wale waliouzwa, nani aliandika majina yao? Mnadani walihesabiwa vichwa tu.

Basi mwaka 1998 Clara Sörnäs, mwanamke wa nchi ya Sweden, alifanya sanamu za saruji, akazisimamisha shimoni katika uwanja wa kanisa. Ni watu watano, shingo zao zimetiwa pingu za chuma na kuunganishwa kwa mnyororo. Hakufanya sanamu ya mwenye mjeledi, wala ya saa ya kufunguliwa. Huenda wengine wangependa kuuona mnyororo umekatika. Kazi hiyo ingefurahisha macho, lakini ingekuwa habari ya mkombozi tena, na wengi katika wale walikufa utumwani.

Kwa nini shimoni? Sanamu za wafalme huwekwa juu, watu wakainua macho. Hapa atazamaye hana budi kuinamisha kichwa. Yeye yu juu, nao wako chini, hawawezi kwenda popote; na akifikiri kidogo atatambua ya kuwa amesimama kama alivyosimama mnunuzi, akichagua.

Tena mnyororo ule si wa saruji. Wenyeji husema ni chuma cha zamani zile zile za biashara ya watumwa. Saruji mtu huiumba apendavyo. Chuma kile, kama ndivyo, kilikwisha kushika shingo za watu kabla ya mfanya sanamu kuzaliwa.