Kabla Hujachagua Mji wa Biashara, Ijue Kalenda ya Pesa Yake

Mimi nashona na kufunga mapazia. Kazi nilijifunzia Dar es Salaam, lakini duka langu liko Dodoma, na mara kwa mara napokea ujumbe wa mtu anayeuliza aende mji gani na mtaji wake mdogo: abaki Dar, ajaribu Mwanza, au anifuate huku. Wengi wanaanza na idadi ya watu. Ni kweli, kwa sensa ya 2022 Dar ina watu zaidi ya milioni 5, na hakuna mji mwingine nchini unaoikaribia. Ila kwenye watu wengi kuna mafundi wengi pia, na fremu nzuri za maduka zina wenyewe tangu zamani. Swali ninalolitanguliza mimi ni jingine: pesa ya mji huu inaingia lini, na inapita mikononi mwa nani?

Chukua Mwanza. Sehemu kubwa ya pesa ya pale inatoka ziwani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa hazivuti tena, kwa hiyo kila mwezi kuna siku mitumbwi inapumzika. Anayeuza chakula au nguo za bei ndogo karibu na Mwaloni Kirumba atayaona mauzo yake yakipanda na kushuka na giza la usiku. Mbeya kuna mpunga wa Mbarali na Kyela. Mavuno yakitoka, mkulima ananunua bati, godoro, pikipiki, na baada ya hapo unaweza kukaa miezi usimwone. Arusha inasikiliza utalii: Aprili na Mei, mvua za masika zikinyesha, safari zinapungua, na pamoja nazo kipato cha madereva, wapishi na wapagazi, kisha kuanzia Julai mji unachangamka tena.

Hakuna mji mbaya hapo. Ubaya unaanza pale kalenda ya mji isipolingana na kalenda ya madeni yako. Kama umekopa kwenye kikundi na marejesho ni kila wiki, mji unaolipa mara moja kwa mwaka utakunyonga hata kama unalipa vizuri. Kama mtaji ni wako mwenyewe na bidhaa yako haiozi, unaweza kusubiri mavuno kwa amani. Hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza, kwa sababu nimeona watu wenye bidii sana wakifunga duka wiki chache kabla msimu haujafika.

Dodoma niliichagua kwa sababu ya mshahara. Tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali yote inahamia huku, watumishi wamekuja wizara baada ya wizara, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956; ya 2022 ikakuta 765,179. Kwangu mimi tarakimu hizo zilisomeka kama nyumba: Iyumbu, Ilazo, Nzuguni, Kisasa, madirisha yanayojengwa kila siku na bado hayana kitu. Na mwenye dirisha analipwa mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Ukiongeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ambao bumu, yaani pesa yao ya mkopo, likitoka mji mzima unajua, na wabunge na wageni wao wakati wa Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, unapata mji wenye mapigo matatu tofauti ya pesa. Pazia linaishi na la kwanza. Mwenye mgahawa au nyumba ya wageni angeyahesabu yote matatu.

Lakini mshahara kulipwa Dodoma haimaanishi unatumika Dodoma. Watumishi wengi familia zao bado ziko Dar, na Ijumaa jioni wanaondoka. Mtu anayekaa chumba kimoja Jumatatu hadi Ijumaa hanunui mapazia, ananunua chakula, vocha na usafiri. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, imelikoleza jambo hili. Safari ambayo kwa basi ilikula siku sasa ni ya saa chache, na mteja wangu anaweza kushuka Kariakoo Jumamosi akachagua kitambaa kwa bei ninayonunulia mimi. Nilitafakari sana hilo kabla sijasaini mkataba wa pango. Jibu nililopata ni kwamba kitambaa anaweza kukibeba, ila dirisha lake halipandi treni. Kupima, kukata, kushona marinda yakae sawa, kutoboa ukuta na kufunga bomba la pazia lisianguke: hivyo vinafanyika nyumbani kwake. Kwa hiyo nauza ufundi kwanza, kitambaa baadaye. Kama bidhaa yako ni ile ile inayopatikana Kariakoo na huongezi kitu juu yake, nakushauri kwa dhati usije Dodoma kuiuza. Utashindana na treni.

Sasa, kalenda ya pesa utaijuaje ukiwa mgeni? Nenda kwa wakala wa pesa za simu. Nunua soda, kaa, msalimie vizuri, umuulize ni siku zipi anaishiwa pesa taslimu kwa sababu watu wanatoa, na ni siku zipi watu wanaleta pesa kutuma kwingine. Mtaa ambao watu wanapokea na kutumia hapo hapo ni tofauti kabisa na mtaa ambao mshahara ukifika tu unatumwa mbali, na wakala huyaona yote mawili kila mwezi. Kisha nenda stendi mabasi yanapofika ukaangalie mizigo inayoshushwa. Kinacholetwa na watu binafsi kwenye mifuko yao ndicho mji unachokikosa, au unachokiuza ghali kuliko inavyostahili. Na ukipata fremu iliyo wazi, historia yake waulize majirani, fundi viatu na mama ntilie. Dalali ana kamisheni yake ya kufikiria.

Kuhusu pango nitasema machache. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka mzima mbele, na hapo ndipo mitaji midogo inakwisha kabla ya siku ya kwanza ya mauzo. Jitahidi upate miezi mitatu hata kwa bei ya juu kidogo, au kodi kona ndani ya duka la mtu mwingine, maana miezi mitatu inatosha kuona mwisho wa mwezi zaidi ya mmoja. Kumbuka pia kodi ya zuio: mpangaji wa eneo la biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Jambo hili mliongee na mwenye nyumba kabla ya kusaini, kwani wengi wanataka wapokee kiasi chao kamili na mzigo unabaki kwako. Leseni nayo inatolewa kwa mahali. Ya Dar haikufuati.

Ukishaamua, usihamishe shehena yako yote. Hali ya hewa nayo ni mteja. Mapazia meupe mepesi ya shia yanayopendwa Dar yanachakaa haraka kwa vumbi na upepo wa Dodoma. Hapa kijivu, kahawia na rangi ya udongo ndizo zinazotoka. Anayekwenda Mbeya abebe vitambaa vizito, Juni na Julai kule ni baridi kweli. Mimi nilianza na kitabu cha sampuli na majora machache, nikawa naagiza Kariakoo mteja akishalipa nusu, na mzigo unakuja kwa basi la usiku.