DAFTARI LAKO LA MTANDAONI: NANI AONE NINI?

Wauzaji wenzangu, somo la leo ni kwa mnaoweka oda, stoo na namba za wateja kwenye Google Sheets halafu mnafanya kazi na watu zaidi ya mmoja.

Tuseme mzigo uko Kibaha, Maili Moja. Kuna dada anapokea oda, kijana anafunga mzigo, na boda anawapelekea wateja wa Kisarawe. Wengi tunarusha linki moja kwenye grupu, kila aliye nayo anaweza kubadilisha. Bei ikiguswa au oda ikifutwa, humjui aliyefanya. Na linki ikitoka nje, wateja wako wote wametoka nayo.

Kanuni ni moja: kila mtu apewe kile tu kinachohitajika kwenye kazi yake.

1. Funga linki. Sehemu ya kushea, weka faili liwe la walioalikwa tu. Ongeza kila mtu kwa barua pepe yake mwenyewe, usigawe paswedi yako. Hapo historia ya faili itakuonyesha nani kabadilisha nini na saa ngapi, na unaweza kurudisha ilivyokuwa jana.

2. Chagua ngazi. Ziko tatu: kuangalia, kutoa maoni, kuhariri. Anayepokea oda ahariri, anayefunga mzigo aangalie tu.

3. Boda mtengenezee faili lake. Kuficha ukurasa hakutoshi, mwenye ruhusa ya kuhariri anaufichua. Mwekee oda za leo tu: jina, namba, mahali, pesa ya kupokea. Bei uliyonunulia haimhusu.

4. Kwenye mipangilio ya kushea kuna tiki inayowaruhusu wahariri kuongeza watu wengine. Itoe.

5. Mtu akiacha kazi, mwondoe siku hiyohiyo. WhatsApp Business nayo ikague: akaunti ya kawaida inaunganishwa na vifaa vingine hadi 4, na kila kimoja kinasoma chati zako.

Kumbuka, namba hizo wateja wamekuamini nazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na usidhani ni ya mabenki na makampuni makubwa tu. Ukikusanya taarifa za watu, inakugusa.

Leo kabla hujalala, fungua faili lako usome majina ya wenye ruhusa. Kuna mtu hafanyi kazi na wewe tena? Mtoe sasa hivi.