Mgonjwa wa Moyo Akirudi Nyumbani: Mizani, Daftari na Jirani Mwenye Mkoba

Somo la leo linaanzia pale ambapo kazi ya hospitali huonekana imekwisha. Mama amelazwa Wote au Kitui mjini siku kumi kwa ajili ya moyo. Maji yamepungua mwilini, miguu imenywea, usiku analala bila kuhema. Daktari anamruhusu kwenda nyumbani. Majirani wanakuja kumjulia hali na soda na mkate, na kila mtu anasema amepona. Wiki mbili baadaye yuko tena katika wadi ile ile.

Hakuwa amepona. Alikuwa amepata nafuu, na nafuu hiyo inahitaji kulindwa kila siku na watu wa nyumbani.

Moyo kushindwa kufanya kazi si moyo kusimama. Moyo ni pampu, nayo pampu ikichoka damu haisukumwi ipasavyo. Figo hudhani mwili umekauka, zikaanza kuzuia chumvi na maji. Maji hayo hushuka miguuni, hujaa tumboni, na mwishowe huingia mapafuni. Huo ndio ugonjwa wenyewe kwa ufupi, na ndiyo sababu karibu kila jambo tutakalolisema hapa linahusu maji na chumvi.

Wengi huufikiria kuwa ugonjwa wa wazee. Utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, kati ya 2007 na 2010, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa tatizo hili. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikubwa zaidi kilikuwa presha. Baada ya miezi 6, karibu mmoja kati ya kila sita alikuwa amefariki. Wengine hupata ugonjwa huu kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni iliyoharibu vali za moyo, na akina mama wengine huupata karibu na kujifungua. Mama wa namna hiyo azungumze na daktari kabla ya kufikiria mimba nyingine.

Sasa tuje kwenye mizani. Maji yanayorudi mwilini huonekana kwenye mizani kabla hayajaonekana miguuni. Mgonjwa apimwe kila asubuhi, akishakwenda haja ndogo na kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi zile zile, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu wala si mkekani. Uzito uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Ukipanda kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, hayo si mafuta wala si dalili ya afya kurudi. Ni maji. Piga simu au nenda kituoni siku hiyo hiyo. Nimesikia familia zikifurahi kwamba "Susu ameanza kunenepa," kumbe Susu anazama polepole.

Asiye na mizani afanye hivi: bonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, hesabu hadi kumi, kisha achilia. Shimo likibaki, kuna maji. Angalia pia kama viatu au mshipi vinabana kuliko jana, na uulize amelalia mito mingapi. Aliyekuwa akilala na mto mmoja na sasa anataka mitatu amekwisha kukueleza habari yake. Kikohozi cha usiku kinachokuja akilala na kupungua akikaa nacho kitajwe, maana mara nyingi hutibiwa kama pumu au mafua kwa majuma kadhaa.

Hapa ndipo jirani mwenye mkoba anapoingia. Mnamo Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 kote nchini walianza kupewa mikoba yenye vifaa, na ndani yake mna mizani na mashine ya kupima presha. Kila mmoja hutembelea takriban kaya 100. Mweleze wa kijiji chako siku mgonjwa anapotoka hospitalini, usingoje akusikie kanisani. Hatabadilisha dawa, hiyo si kazi yake, lakini anaweza kupima, kusoma daftari lako na kumpigia muuguzi wa zahanati. Kwamba kutembelewa nyumbani kunasaidia si maneno ya kufarijiana. Huko Adelaide, Australia, katika miaka ya 1990, wagonjwa 200 wa moyo waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likatembelewa na muuguzi wiki moja au mbili baada ya kutoka hospitalini. Katika miezi 6, kundi hilo lililazwa ghafla mara 68, na lile jingine mara 118. Muuguzi hakubeba mashine kubwa. Alitazama dawa zinavyomezwa, akagundua dalili mapema, akafundisha.

Jikoni ndiko vita vilipo. Mtu mzima yeyote hapaswi kuzidisha kijiko kimoja kidogo cha chumvi kwa siku nzima, na mgonjwa wa moyo afuate kiasi alichoelezwa kliniki. Wengi hupunguza chumvi ya mezani na kusahau ile iliyojificha. Magadi yanayotiwa ili muthokoi au isyo viive haraka yana sodiamu ile ile iliyo kwenye chumvi. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha badala yake. Viungo vya mchuzi vya pakiti ni chumvi iliyotiwa rangi. Na kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji: upande wa Mutomo na Ikutha, visima vingi vya kuchimba vina maji ya chumvi. Kama maji ya kwenu ni hayo, mwekee mgonjwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi, au ya bwawa la mchanga yakiwa yamechemshwa, ya kunywa na ya kupikia. Utamu utafutwe kwenye limau, dania, tangawizi na kitunguu. Usimpikie sufuria yake peke yake kama mtu aliyetengwa. Presha hukaa ndani ya familia, na nyumba nzima itafaidika.

Kama daktari amepima kiasi cha kunywa, tenga chupa ya kiasi hicho asubuhi, na kila anapokunywa chai, uji au soda, mwaga kiasi hicho kutoka kwenye chupa. Ikiisha, siku imeisha. Lakini akiharisha au kutapika wakati wa joto kali, muulizeni muuguzi siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa ya kukojoza inaweza kumkausha kupita kiasi.

Dawa hiyo ya kukojoza ndiyo inayorukwa zaidi, na sababu inaeleweka: nani anataka kusimamisha matatu mara tatu kati ya Kibwezi na Wote? Siku ya safari, muulize muuguzi kama unaweza kuimeza ukisharudi. Kuihamisha saa si sawa na kuiacha. Maumivu ya magoti nayo huwapeleka wengi kwenye duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huzuia maji mwilini na kuumiza figo. Mwambie muuza dawa una ugonjwa wa moyo, uombe parasetamoli.

Asingoje asubuhi mgonjwa anayehema akiwa ametulia, asiyeweza kulala chali, mwenye maumivu ya kifua, aliyezimia, aliyeanza kuchanganyikiwa, au anayekohoa povu lenye rangi ya waridi. Mketishe wima miguu ikining'inia, na msafirishe akiwa ameketi. Namba ya mwenye gari iandikwe ndani ya jalada la daftari leo. Usajili wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, nao ufanywe leo kwa *147#, maana saa nane usiku si saa ya kutafuta kitambulisho.

Siku ya kliniki mje na daftari, na dawa zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za mitishamba, bila kuficha hata moja. Na kama inawezekana, mje na yule anayepika.